Kompyuta Zikikubaliana: Uchambuzi kutoka Mwambao wa Kabezi

Ukitoka Bujumbura kwenda kusini kwa barabara ya RN3, ziwa huwa kuliani kwako na milima kushotoni. Unapita Kanyosha na Ruziba, unavuka mto Mugere, unafika Kabezi, kisha Gitaza, Magara, Minago, Resha, mji wa Rumonge na mwishowe Nyanza-Lac. Kwa msafiri, huo ni mwambao mmoja. Kwa samaki mdogo wa jenasi ya Tropheus, ambaye riziki yake ni mwani anaoukwangua juu ya mawe, ni mlolongo wa visiwa. Palipo na miamba iliyozama majini ana chakula na maficho. Palipo na mchanga mtupu, au mdomo wa mto unaomwaga tope kutoka milimani, hana pa kujificha, na kwa kawaida havuki. Ndiyo maana Tropheus wa Ziwa Tanganyika wamegawanyika katika makundi zaidi ya 100 yenye rangi tofauti, na wafugaji wa samaki wa mapambo huko Ulaya huyataja kwa majina ya sehemu yalikotoka, Magara na Rutunga yakiwemo.

Katika maji hayo hayo, mbali na mawe, kuna ndagala. Hao hawana kwao. Huzunguka ziwa kwa makundi makubwa, na usiku hufuata mwanga wa taa za wavuvi. Mwaka 2019 watafiti waliochunguza jeni za Stolothrissa tanganicae, mmoja wa ndagala wawili wa ziwa hili, kutoka ncha ya kaskazini hadi ya kusini, hawakuona mipaka ya makundi: kwa hesabu ya jeni, ziwa zima lina jamii moja ya samaki huyo.

Tofauti hiyo kati ya samaki wa mawe na ndagala inagusa swali ambalo wataalamu wa kompyuta wamelihangaikia kwa miaka hamsini hivi. Ukiwa na tatizo gumu, ukalipeleka kwa kompyuta nyingi zilizotawanyika, kila moja ikilea kundi lake la majibu na kuyaboresha kizazi baada ya kizazi, ni nini kinachozifanya zitulie kwenye jibu moja? Na zikishatulia, je, jibu hilo ni zuri, au zimechoka tu kutafuta? Ninavyoona mimi, wanaoanza kazi hii huuliza kwanza kuhusu idadi ya kompyuta, na hilo ndilo lenye uzito mdogo kuliko yote. Uzito uko kwenye nani anamtumia nani nini, na mara ngapi.

Tuanze na kompyuta moja. Tuseme ushirika wa wavuvi unataka kuchagua, kati ya mialo 60, ni ipi ijengewe vichanja vya kuanikia ndagala, ili gharama iwe ndogo na samaki wasioze. Kila mpango unaweza kuandikwa kama mstari wa tarakimu 60: 1 maana yake jenga, 0 maana yake acha. Mipango inayowezekana ni idadi yenye tarakimu 19, na hakuna mashine itakayoijaribu yote. John Holland wa Chuo Kikuu cha Michigan, katika kitabu chake cha 1975, alionyesha njia ya kuazima kutoka kwa viumbe. Unaanza na mipango kadhaa iliyookotwa kwa bahati nasibu, unaipa kila mmoja alama, unawapa wenye alama nzuri nafasi kubwa ya kuzaa, unakata mistari ya wazazi wawili na kuiunganisha upya, na mara mojamoja unageuza 0 kuwa 1. Unarudia. Hiyo ndiyo algoriti ya kijenetiki.

Tatizo lake kubwa ni haraka. Mpango mmoja ukipata alama nzuri mapema, uzao wake hujaa kundini. David Goldberg na Kalyanmoy Deb walilikokotoa jambo hili mwaka 1991. Chukua uchaguzi wa kushindanisha wawili wawili, anayeshinda anazaa, bila mchanganyiko wala badiliko lolote la jeni. Katika kundi la 100, nakala za mshindi mmoja hulijaza kundi zima baada ya vizazi 9 hivi. Katika kundi la 1,000 inachukua vizazi 13 hivi. Hapo pana jambo la kutafakari: umeongeza kundi mara kumi, umeongeza kumbukumbu na umeme mara kumi, na muda wa kutafuta kabla ya wote kufanana umeongezeka kwa vizazi vinne tu. Wakishafanana, kuchanganya wazazi hakuzai kipya, kwa sababu wazazi wenyewe ni nakala. Kilichobaki ni badiliko la jeni la bahati. Huko ndiko kutulia mapema, na ndiko majaribio mengi yanakoishia huku mwenye mashine akidhani kazi imekamilika.

Nadharia nayo haimpi faraja ya bure. Günter Rudolph alithibitisha mwaka 1994 kwamba algoriti ya kijenetiki ya kawaida, hata ukiipa muda usio na mwisho, haina hakika ya kutulia kwenye jibu bora. Inaweza kulipata na kulipoteza kizazi kinachofuata. Ukiiongezea kanuni moja, kwamba jibu bora lililowahi kuonekana lisitupwe kamwe, hakika hiyo inapatikana. Lakini ni hakika ya muda usio na kikomo, na hakuna chuo kinacholipia umeme wa muda usio na kikomo.

Sasa tulete kompyuta nyingi. Njia rahisi ni kuwa na bwana mmoja na vibarua wengi: seva moja inashika kundi lote, na mashine nyingine zinahesabu alama tu. Njia hii haibadilishi chochote katika namna kundi linavyotulia. Ni algoriti ile ile, imepewa mikono zaidi. Kinachobadilika ni saa ukutani, na hata hiyo ina mpaka. Erick Cantú-Paz, ambaye kitabu chake cha 2000 bado ndicho ningempa mwanafunzi asome kwanza, alionyesha kwamba idadi bora ya vibarua ni kipeuo cha pili cha ukubwa wa kundi mara muda wa kutoa alama moja, gawanya kwa muda wa mawasiliano na kibarua mmoja. Weka namba. Kundi lina 1,000 na kila alama inachukua sekunde 1. Mtandao wa ndani ya jengo unaochukua sehemu ya mia ya sekunde unaruhusu vibarua 316 hivi, na kizazi kinakwisha kwa sekunde 6. Mtandao unaochukua sekunde nzima unaruhusu 32 tu, na kizazi kinachukua zaidi ya dakika moja. Ukimwongeza kibarua wa 33, unajichelewesha. Na kama kutoa alama ni kazi ya sehemu ya mia ya sekunde huku mtandao ukibaki ule wa sekunde moja, vibarua wanaofaa ni watatu.

Kwa Burundi hilo si jambo la vitabuni. Nchi haina bahari. Mawasiliano yake na dunia hupita nchi jirani hadi nyaya za chini ya bahari zilizofika pwani ya Afrika Mashariki, SEACOM mwaka 2009 na EASSy mwaka 2010. Kompyuta ya Bujumbura, ya Kigoma na ya Bukavu, ukizifanya vibarua wa bwana mmoja, zitatumia sehemu kubwa ya maisha yao zikingoja.

Njia ya pili ni ya visiwa, na hapa tunarudi kwenye mawe ya Magara na Minago. Kila kompyuta inashika kundi lake, inazalisha na kuchagua ndani kwa ndani, na baada ya vizazi kadhaa inapeleka wahamiaji wachache kwa jirani. Asili ya wazo hili ni mwanajenetiki wa Marekani, Sewall Wright. Katika maandishi yake ya 1931 na 1932 alidai kwamba jamii iliyogawanyika katika vikundi vidogo, vyenye uhamiaji haba kati yao, hutafuta vizuri kuliko jamii moja kubwa iliyochanganyika, kwa sababu kila kikundi kinaweza kupotelea njia yake na kugundua kilima ambacho wengine hawakukiona. Kama viumbe wa asili huendelea hivyo kweli, wanabiolojia wamebishana tangu enzi za Ronald Fisher. Kwa mashine hakuna haja ya kubishana. Unaweza kuendesha na kupima.

Wright pia alitoa kipimo ambacho bado kinashangaza. Wastani wa mhamiaji mmoja tu kwa kizazi unatosha kuyazuia makundi mawili yasiachane kabisa kijenetiki, na haijalishi kama kundi lina 100 au 100,000. Sasa mwangalie Tropheus. Jike hutaga mayai makubwa machache, yasiyofika 20, huyabeba mdomoni na kuwalea humo watoto hadi waweze kujitegemea, kisha huwatema kwenye mawe yale yale alikozaliwa yeye. Hakuna yai linaloelea na mkondo, hakuna kitoto kinachochukuliwa na mawimbi hadi ng'ambo ya mchanga. Uhamiaji wake uko chini ya kile kipimo cha Wright, na rangi zinaachana. Ndagala, ambao mayai yao huachwa majini na ambao husafiri maisha yao yote, wako juu yake mbali sana, na wamebaki jamii moja. Ziwa ni moja, umri ni ule ule wa mamilioni ya miaka, na kilichotenganisha historia hizi mbili ni kiwango cha uhamiaji.

Haifai kuichukua kanuni ya Wright na kuipachika kwenye programu kama ilivyo. Samaki anayepotea njia akavuka mchanga ni samaki yeyote. Mhamiaji anayetumwa na mtunzi wa programu, kwa kawaida, ni bora wa kisiwa chake. Huyo akifika, ile hesabu ya vizazi 9 inaanza kuhesabiwa: kabla hujageuka, kisiwa kizima ni wanawe. Mhamiaji mmoja mteule ana nguvu ya kufuta upekee wa kisiwa ambayo mhamiaji wa asili hana. Wengi wa wanaoanza hawalioni hili. Wanatuma bora wao kila kizazi, wakidhani wanaeneza habari njema, na kumbe wamejenga kundi moja kubwa kwa gharama ya mtandao.

Hesabu nyepesi inaonyesha ukubwa wa jambo. Chukua visiwa 10 vyenye majibu 100 kila kimoja, vikiwa kwenye duara, kila kimoja kikimtumia jirani wa upande mmoja tu, mara moja kila vizazi 20. Mshindi aliyezaliwa kisiwa cha kwanza anahitaji hatua 9 kufika kisiwa cha mwisho, yaani karibu vizazi 180. Majibu yale yale 1,000 yakiwa kundi moja yangefanana baada ya vizazi 13. Ukiunganisha kila kisiwa na vyote vingine, mshindi anaenea kwa vizazi 30 hivi. Idadi ya mashine haijabadilika hata moja. Mpangilio wa njia peke yake umekupa muda wa kutafuta mara sita zaidi, au umekunyang'anya.

Mwambao wenyewe ni mpangilio wa njia. Samaki wa Minago akihama, atahamia Magara au Resha. Hawezi kuruka hadi Nyanza-Lac. Motoo Kimura na George Weiss waliuchambua mfumo wa namna hii mwaka 1964, ambapo kila kundi hupokea wageni kutoka kwa majirani wa karibu tu, na wakaonyesha kwamba kufanana kwa makundi hupungua kadiri umbali unavyoongezeka. Mwenye kuandika programu ya visiwa kwenye duara au kwenye mstari anazalisha upya hesabu yao, awe amesikia jina la Kimura au hajasikia.

Waliojaribu mapema waliliona jambo hili kwa macho. Paul Grosso, katika tasnifu yake ya Michigan ya 1985, aligawa kundi vipande vitano. Vipande vidogo viliboreka haraka kuliko kundi moja kubwa, lakini vilipotengwa kabisa viliishia kwenye alama za chini. Uhamiaji ulipokuwa haba sana hali ilibaki hiyo hiyo. Ulipopandishwa hadi kiwango fulani, ubora wa mwisho ulilingana na wa kundi kubwa. Reiko Tanese, chuo hicho hicho, aliendesha majaribio yake kwenye mashine yenye prosesa 64 mwishoni mwa miaka ya 1980 na kupata matokeo ya kutatanisha: visiwa, hata visivyohamishana kabisa, vilifikia majibu mazuri kuliko kundi moja. Baadaye Stephanie Forrest na Melanie Mitchell walichunguza upya na kukuta kwamba mafumbo aliyoyatumia Tanese yalikuwa magumu mno kwa algoriti ya kijenetiki yenyewe, kiasi kwamba hata njia sahili ya kupanda kilima iliishinda. Nalipenda tukio hili kwa sababu linatufunza kutopima visiwa kwa fumbo moja. Fumbo likibadilika, hukumu inaweza kugeuka.

Mwaka 1987 James Cohoon na wenzake walitoa maelezo mengine ya faida ya uhamiaji, wakiegemea nadharia ya Niles Eldredge na Stephen Jay Gould ya 1972 kwamba viumbe hukaa muda mrefu bila kubadilika, kisha hubadilika kwa mkupuo. Kisiwa kikiachwa peke yake kitatulia. Wageni wakiingia, utulivu unavurugika, mistari iliyokua mbali inakutana na mistari ya nyumbani, na mkupuo mpya unaanza. Kwa hiyo uhamiaji una kazi mbili zinazovutana: unaleta vipande vipya vya kuchanganya, na unafuta tofauti zilizovizalisha. Wahamiaji wakija mfululizo, kazi ya pili inaimeza ya kwanza. Wakija kwa nadra, baada ya kisiwa kuwa na muda wa kupata jibu lake, kazi zote mbili zinafanyika. Zbigniew Skolicki na Kenneth De Jong walipopima mwaka 2005 walikuta kwamba muda kati ya safari na safari una athari kubwa kuliko idadi ya wasafiri.

Ziwa Tanganyika limefanya jaribio hilo kwa kipimo chake. Zaidi ya mara moja katika zama za ukame maji yalishuka kwa mamia ya mita. Miamba ya leo ilikauka, samaki wakahamia mwambao mpya chini zaidi, na makundi yaliyotengana yakakutana. Maji yaliporudi, wakagawanyika tena. Christian Sturmbauer na wenzake wamesoma nyayo za kupanda na kushuka huko ndani ya jeni za samaki wa mawe: vipindi virefu vya kutengana, vifupi vya kuchanganyika.

Kuna upande wa hatari pia, na tunao ushahidi wake karibu. Katika Ziwa Victoria, Ole Seehausen na wenzake walionyesha mwaka 1997 kwamba maji yalipochafuka na kuwa na ukungu, samaki jike hawakuweza tena kutofautisha rangi za madume, na spishi zilizokuwa zikiishi pamoja bila kuchanganyika zikaanza kuyeyukiana. Kizuizi kilichotunza tofauti kilianguka, na tofauti zikaanguka nacho. Kwetu mwambaoni tishio lina sura nyingine. Udongo wa milima iliyofyekwa huteremka na mito hadi ziwani na kufunika mawe. Andrew Cohen na wenzake waliandika mwaka 1993 jinsi maeneo ya mwambao wa Burundi yanayopokea tope jingi yalivyo na spishi chache kuliko yale safi. Kwa lugha ya algoriti, kisiwa kimepunguziwa ukubwa hadi kishindwe kutunza utofauti wake. Tofauti ni kwamba programu inaweza kuanzishwa upya kesho asubuhi. Tropheus wa jiwe fulani akipotea, amepotea.

Hadi hapa nimezungumza kana kwamba kompyuta zote zinakwenda kwa mwendo mmoja. Haziendi. Moja ni mpya, nyingine ina miaka kumi, ya tatu imezimika kwa sababu umeme umekatika mchana kutwa. Afrika Mashariki inahusika na kisa kikubwa cha namna hii. Mwaka 2006 ulizinduliwa mpango wa Africa@home, ulioshirikisha CERN na Taasisi ya Tropiki ya Uswisi mjini Basel, na mradi wake wa malariacontrol.net uliwaomba watu duniani kote waazimishe kompyuta zao za nyumbani wakati hawazitumii. Kazi ilikuwa kukadiria vigezo vya modeli ya malaria, vigezo zaidi ya 20 ambavyo haviwezi kupimwa moja kwa moja: kinga huongezeka kwa kasi gani mtu anapoumwa na mbu tena na tena, vimelea huongezekaje mwilini, na kadhalika. Sehemu ya takwimu ambazo modeli ilipaswa kuendana nazo ilitoka Ifakara, Namawala na Idete, katika bonde la Kilombero, Tanzania. Chombo cha kutafutia vigezo kilikuwa algoriti ya kijenetiki isiyosubiriana.

Tazama kazi hiyo kwa karibu. Seva ya mradi inatoa seti moja ya vigezo. Kompyuta ya mtu asiyejulikana inaipokea, inaiga miaka ya maambukizi katika kijiji cha kubuni, na kurudisha majibu leo, au wiki ijayo, au kamwe. Ukisema kizazi kisianze hadi wote warudi, hakitaanza. Basi kizazi kinafutwa. Jibu likifika linapimwa, likistahili linaingia kundini, na wazazi wa seti inayofuata wanachaguliwa kati ya waliopo wakati huo. Linaloingia leo linaweza kuwa mtoto wa wazazi waliokwisha kuondolewa siku nyingi. Hilo linachelewesha kutulia, kwa sababu nguvu inatumika kwenye mawazo ya zamani. Lakini pia linazuia kutulia mapema, kwa sababu yule wa zamani analeta vipande ambavyo kundi lilikuwa limevisahau. Mradi wa MilkyWay@home, uliotafuta umbo la mikondo ya nyota katika galaksi yetu, ulikwenda kwa njia kama hiyo.

Wakaazi wa Imbo, tambarare ya mwambao wetu, hawahitaji kuelezwa kwa nini modeli ya malaria ina maana. Machi 2017 serikali ya Burundi ilitangaza janga la malaria nchi nzima. Lazima niseme pia yaliyofuata upande wa mashine: mwaka 2021 Theresa Reiker na wenzake wa taasisi hiyo ya Basel walichapisha njia nyingine ya kukadiria vigezo vile vile, inayojifunza umbo la tatizo kutokana na majaribio machache, na ikafika haraka zaidi. Pale ambapo kutoa alama moja ni ghali sana, algoriti ya kijenetiki iliyotawanywa kwenye maelfu ya kompyuta inaweza kushindwa na njia yenye uchumi zaidi. Si chombo cha kila kazi. Nguvu yake iko pale ambapo alama inapatikana kwa gharama ya wastani na vilima vya uongo, yaani majibu yanayoonekana bora kumbe siyo, ni vingi.

Kwamba visiwa vinaweza kufanya ambalo njia nyingine haziwezi, limethibitishwa kihesabu pia. Mwaka 2010 Jörg Lässig na Dirk Sudholt walijenga fumbo ambalo kundi moja huhitaji muda unaokua kupita kiasi kulitatua, na visiwa visivyowasiliana vivyo hivyo, lakini visiwa vyenye uhamiaji wa nadra hulimaliza kwa muda wa kawaida. Ni fumbo la kutengenezwa, sikatai. Linatosha kufunga mdomo wa anayedai kwamba visiwa ni mbinu ya kuokoa muda tu. Kwa upande mwingine, tuwe waangalifu na taarifa kwamba kompyuta 8 zimefanya kazi kwa kasi zaidi ya mara 8. Enrique Alba ameeleza kuwa jambo hilo linawezekana, lakini mara nyingi anayelidai amelinganisha visiwa vinane na kundi moja, yaani algoriti mbili tofauti. Mlinganisho wa haki ni visiwa vinane kwenye mashine moja dhidi ya visiwa vinane kwenye mashine nane.

Nimefika kwenye jambo ninalolijali kuliko yote, nalo ni maana ya makubaliano. Visiwa kumi vimeunganishwa, vimehamishana kwa vizazi mia tano, na mwishoni vyote vina jibu moja. Mwenye programu anaandika kwamba visiwa kumi vimefikia jibu hilo. Hapana. Jibu moja limefika visiwa kumi. Makubaliano ya visiwa vinavyowasiliana yanathibitisha kwamba vimewasiliana, basi.

Ushahidi wenye uzito unaonekana tukitoka ziwani kwetu na kwenda Ziwa Nyasa. Mwaka 1993 Thomas Kocher na wenzake walipanga pamoja jozi za samaki wa Tanganyika na wa Nyasa wanaofanana umbo kiasi cha kudhaniwa ndugu wa karibu. Mmoja wao alikuwa Tropheus brichardi, spishi iliyoelezwa mwaka 1975 kutokana na samaki wa Nyanza-Lac na kupewa jina la Pierre Brichard, Mbelgiji aliyesafirisha samaki wa mapambo kutoka Bujumbura. Pacha wake wa Nyasa ni Pseudotropheus microstoma. Jeni zilionyesha kwamba samaki wa Nyasa wote waliopimwa wana undugu wa karibu zaidi wao kwa wao kuliko na mapacha wao wa Tanganyika. Maziwa mawili yasiyowasiliana yamefika umbo moja kila moja kwa njia yake. Hapo una haki ya kusema: umbo hili linafaa maisha ya mawe.

Hilo ndilo ningelitaka kwa kila anayechapisha matokeo ya algoriti iliyotawanywa. Visiwa viunganishwe ili kutafuta, kisha utafutaji wote urudiwe upya, kwa mbegu nyingine za bahati nasibu, bila waya wowote kati ya jaribio na jaribio. Majaribio yasiyojuana yakikutana kwenye jibu moja, tuna sababu ya kuliamini. Yakitofautiana, kutulia kwa kila moja kulikuwa uchovu.

Kwa vyuo vya Bujumbura, Kigoma, Bukavu na Uvira, naona nafasi ya kweli hapa. Njia ya visiwa haidai mtandao wa kasi. Inadai wahamiaji wachache kwa nadra, na tumeona kwamba nadra hiyo ni faida. Mstari wa tarakimu 60 ni mfupi kuliko ujumbe wa simu. Kompyuta zisizolingana umri haziharibu kazi, mradi hazilazimishwi kusubiriana. Mashine ikizimika, kisiwa kimoja kimenyamaza na vingine vinaendelea, na kama jibu lake bora lilikuwa limehifadhiwa kwenye diski, kitaamka pale kilipoishia.

Mwanafunzi anayeanza aanze na visiwa vinne kwenye duara, mhamiaji mmoja kila vizazi 20 au zaidi, aliyeokotwa kwa bahati nasibu badala ya mteule, na kanuni ya kutotupa jibu bora. Kila safari apime ni kwa kiasi gani majibu ndani ya kisiwa yanatofautiana, na kwa kiasi gani visiwa vinatofautiana, na kuchora namba hizo mbili kando ya alama. Na anapoandika ripoti, ataje muda kati ya safari, idadi ya wahamiaji, namna walivyochaguliwa, ramani ya njia, na idadi ya majaribio huru yaliyofika jibu lile lile. Ripoti isiyo na mambo hayo matano msimamizi airudishe.